Makufuli Tisa, Sanduku Moja

Chama cha Mafundi Kufuli kilikuwa na wanachama tisa, na katika uchaguzi uliopita zilihesabiwa kura kumi na mbili. Mwenyekiti, aliyejizolea kumi na moja kati ya hizo, alisimama akasema huo ni ushahidi kwamba mwamko wa wanachama umepanda, akashukuru, akakaa. Ile kura moja iliyobaki ilikuwa na mchoro wa kuku. Mpaka leo hakuna aliyejitokeza kusema kuku alikuwa wake.

Lakini hebu fikiria mwenyewe. Unafunga sanduku la kura kwa kufuli, halafu unaliacha chumbani na watu ambao kazi yao kutwa ni kufungua makufuli. Mafundi wale walikuwa na uwezo wa kufungua kufuli la dukani huku wakibishana na mteja na kupokea simu. Kuwaambia wasiguse sanduku ni sawa na kumwambia mtoto asiguse keki. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema jambo hilo hadharani, na alilisema kwa sauti.

Soko zima lilimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa fundi wa masefu, yale makasha ya chuma mazito ya ofisini, na hakuna mwingine sokoni aliyeweza kulala na sikio juu ya sefu iliyogoma na kuinuka baadaye akiwa ameifungua bila mkwaruzo. Alikuwa na miaka thelathini na moja katika kazi. Pamoja na ufundi wote huo, Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyegawa nafasi za meza, alikuwa amemweka mwisho kabisa wa ujia, mkabala na vyoo. Watu waliofika mezani kwake walikuwa na haraka, lakini si ya sefu. Alielekeza "wanaume kushoto, wanawake kulia" mara arobaini kwa siku. Wengine walimwomba karatasi.

Wateja wakapungua mpaka binti yake akachoka kumwonea huruma. "Mama, funga hiyo meza uje tukae," alimwambia. "Kuna chumba, kuna kochi, kuna televisheni." Shangazi alimpenda binti yake, ila kochi lile alikuwa amelikalia siku nne wakati wa mafua, na siku ya nne alijikuta anafungua kitasa cha jikoni ili apate tu kitu cha kukifunga tena. Basi wakakubaliana. Agombee uenyekiti. Akishinda, atahamisha meza yake mbele, kwenye mwanga, na kuendelea na kazi. Akishindwa, mwisho wa mwezi anafunga virago.

Hapo akaanza kampeni, na kampeni yake ilikuwa neno moja tu, haki. Alilisema asubuhi, akalisema mchana, akalisema kwa waliokuja kuuliza choo. Mwishowe watu wakawa wanampita wakimpungia mkono, "Haki, Shangazi!" naye anajibu, "Kushoto!"

Wazo la makufuli tisa lilikuwa lake. Sanduku la chuma litengenezwe na mchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara, liwe na pete tisa, na kila mwanachama alete kufuli lake mwenyewe. Halitafunguliwa mpaka wote tisa wawepo na kila mtu na ufunguo wake. Wazo likapita bila kupingwa, na sababu ilikuwa majivuno. Kila mmoja aliamini kwamba makufuli manane ya wenzake ni ya kuchezea, ila lake halifunguki hata kwa baruti.

Mwenyekiti alileta kufuli kubwa linalong'aa, lenye ufunguo wa ukubwa wa kijiko. Mzee Baiskeli, ambaye hushughulika na makufuli ya baiskeli na hunywa chai ya Shangazi kila asubuhi bila kukosa, alileta la kwake lililokuwa linakwama kwa miaka kumi. Hakuwahi kulitengeneza kwa sababu hakuwa mteja wake mwenyewe. Katibu, mchonga funguo mwenye sura ya mtu anayekagua tikiti, alileta dogo la mkoba wa safari akasema ukubwa si hoja. Shangazi akaleta jeusi, bapa, lisilo na jina la kampuni, alilolitengeneza kwa mkono wake. Wenzake walilitazama wakachekea kwenye kola.

Katibu akapanga zamu. Kura zingepigwa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila mwanachama alinde sanduku saa moja, peke yake ofisini. Peke yake kwa nini? Kwa sababu wawili wangekula njama. Ndivyo alivyosema Katibu, na vichwa vyote vikatikisika kukubali, kana kwamba mtu mmoja hawezi kula njama na nafsi yake. Mpiga kura akiingia, mlinzi ageukie ukutani mpaka mwenzake amalize kuandika.

Zamu ya Shangazi ilikuwa saa saba. Aliingia, akaketi, akaweka kikombe chake cha chai mezani, na kuapa moyoni kwamba hatagusa kitu. Kiapo kilidumu dakika nne.

Kilichomponza ni kufuli la Mzee Baiskeli. Alilitazama akaona aibu. Kufuli bovu namna ile, kwenye uchaguzi wa haki! Angelipaka mafuta tu, basi, kama huduma kwa jamii. Akachomoa waya wake mwembamba kwenye nywele, akalichokonoa, likafunguka papo hapo, laini, bila kukwama hata kidogo. Kulikuwa na mtu aliyekwisha kulipaka mafuta. Shangazi alijua maana yake, na aliamua kutoijua.

Baada ya moja kufunguka, mkono ukazoea. La Mwenyekiti lilimchukua muda wa kupiga chafya. La Katibu lilikuwa na springi iliyolegea. Akaikaza, maana hakuweza kuliacha vile. Jingine lilikuwa na kutu, akalifuta kwa upindo wa gauni. Alipofika kwenye lake alitumia ufunguo, kwa heshima. Kisha akafunua kifuniko, akazimwaga kura mezani.

Zilikuwa nane. Fundi wa Magari, anayefungua magari ya watu waliosahau ufunguo ndani, alikuwa ameitwa mbali na bado hajapiga. Kura ilikuwa ya siri, lakini Shangazi alikuwa amesoma mwandiko wa watu wale kwa miaka mingi, na karatasi zile zilimweleza kila kitu kama jirani mbea. Yeye mwenyewe, moja. Katibu, mbili, nani angedhani! Mchonga funguo wa mlangoni, yule mwenye meza kwenye lango la soko, tatu. Basi. Nyingine tano zilikuwa za Mwenyekiti, na mojawapo iliandikwa kwa herufi kubwa za pembe nne za Mzee Baiskeli.

"Na chai yangu," alisema Shangazi kwa sauti, ofisini, peke yake. "Na sukari yangu!"

Tano kwa tatu. Hata Fundi wa Magari akimpigia, ni tano kwa nne. Ameshindwa. Aliliona lile kochi. Aliona hata rimoti ya televisheni iliyofungwa nailoni isichafuke. Machozi yakaja kweli, kwa sababu aliipenda kazi yake kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Na pale mezani, mbele yake, kulikuwa na rundo la karatasi tupu zenye muhuri wa chama, na kalamu.

Hakufikiri. Alichukua karatasi moja, akaandika SHANGAZI kwa herufi kubwa za pembe nne, zilizofanana na za Mzee Baiskeli hata Mzee mwenyewe angedanganyika. Akaishika ile ya Mzee kwa mkono wa kushoto na hii mpya kwa mkono wa kulia. Kubadilisha ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Akakaa hivyo, mikono miwili hewani. Kisha akajiona ameketi kule mbele kwenye mwanga, wateja wamepanga foleni, na mtu anapita anampungia mkono, "Haki, Shangazi!" Atajibu nini?

Akazirudisha zote nane ndani. Akafunga makufuli yote tisa. Ndipo akagundua kwamba ile karatasi ya uongo bado iko mkononi, na ofisi ile haina hata kikapu cha taka. Nyayo zikasikika ujiani. Shangazi akafanya lililowezekana. Akaila.

"Shikamoo Shangazi!" Fundi wa Magari akaingia akihema. "Sijachelewa?"

Shangazi aligeukia ukutani kama sheria inavyotaka, mashavu yamemjaa.

"Shangazi? Shikamoo."

"Mmh."

"Umeninunia? Nimekukosea nini?"

"Mm-mm."

Fundi wa Magari akapiga kura yake akiwa mnyonge kama mtu aliyefukuzwa nyumbani, akatoka. Shangazi akaisukuma karatasi tumboni kwa chai iliyopoa. Wino wa muhuri ulikuwa mchungu, na hilo aliliona ni sawa kabisa.

Saa kumi na moja wote tisa walijibana ofisini. Katibu akaagiza kila mtu afungue kufuli lake kwa ufunguo wake. Mzee Baiskeli akatangulia, akiwa amekunja mikono ya shati tayari kwa vita. Akatia ufunguo, akapinda kwa nguvu zake zote, na nusura aanguke chali, kwa maana kufuli lilifunguka kabla hajamaliza kupinda.

"Ajabu," alisema. "Miaka kumi linakwama."

La Katibu likaruka lenyewe. La tatu likafunguka, la nne likafunguka, na yote yalikuwa yanadondosha mafuta juu ya meza, tone kwa tone, mpaka kukawa na kidimbwi. Katika historia ya soko lile hayakuwahi kuonekana makufuli yaliyotunzwa namna ile. Mafundi tisa wakawa wanatazama dari.

Katibu akahesabu karatasi. Tisa! Watu wakapiga makofi kwa hilo tu. Akazisoma moja moja, na mwisho akainua macho. "Mwenyekiti, kura nne. Shangazi, kura tano."

Mchonga funguo wa mlangoni akapiga kigelegele kirefu. Fundi wa Magari akasahau yaliyompata mchana akamkumbatia Shangazi. Naye Shangazi alisimama katikati ya furaha ile akiwa amekauka. Tano za Mwenyekiti haziwezi kugeuka nne. Baada ya zamu yake kulikuwa na mtu aliyefanya kile ambacho yeye alikila.

Angenyamaza, yangeisha. Meza mbele, mwanga, masefu. Kusema ni kujianika mbele ya watu wote kwamba aliyehubiri haki kwa wiki sita ndiye aliyelifungua sanduku, na ni kurudi kwenye kochi siku hiyo hiyo. Alimeza mate. Yalikuwa bado na ladha ya muhuri.

"Hesabu hiyo si ya kweli," alisema. "Nimeshindwa mimi."

"Umejuaje?" Katibu akauliza.

"Nilifungua. Saa saba. Nikakuta tano za Mwenyekiti na tatu zangu. Fundi wa Magari akaongeza moja. Sikubadilisha kitu, lakini nilitaka. Nisameheni."

Kisha Mzee Baiskeli akakohoa.

"Kama ni hivyo," alisema, "hata mimi zamu yangu ya saa mbili nilifungua. Nikakuta tupu."

"Ulifungua sanduku tupu ili iweje?"

"Kuhakikisha ni tupu!"

Hapo bwawa likapasuka. Wa saa tatu alifungua. Wa saa tano alifungua, akaona moja haijakunjwa vizuri akaikunja upya. Katibu alipotazamwa akajinyoosha. "Mimi nilifungua saa nne," alisema, "kwa mujibu wa katiba." Hakuna aliyekumbuka kipengele hicho, ila alikisema kwa uso mkavu wakamwachia. Akachukua chaki na kuandika ukutani kila mtu alichokiona na saa yake, na ajabu ni kwamba hesabu za wezi wale zote ziliafikiana. Saa kwa saa, kura kwa kura, hakuna iliyopotea wala kuzidi. Nadhani hakuna uchaguzi uliowahi kukaguliwa vizuri kuliko huo. Wa saa nane aliona tano kwa nne, Mwenyekiti akiongoza. Wa saa tisa akaona hivyo hivyo. Ikabaki zamu moja, ya saa kumi, na vichwa vyote vikageuka kwa mpigo kumtazama mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni akikwangua gundi ya bango la tangu mwaka jana kwenye fremu ya dirisha.

"Haya," alisema. "Nilifungua. Makufuli manane, dakika kumi na moja. Nikasema nipige na hili la Shangazi nimalize, nikaona ni bati tu. Jamani! Nilitumia waya, halikubali. Nikatumia mbili, halikubali. Nikapiga magoti, nikaweka sikio. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Dakika arobaini! Nilipolifungua nilitaka kulia." Wenzake wakatikisa vichwa, maana hata wao lile jeusi lilikuwa limewala karibu zamu nzima.

"Sasa ukafanya nini?" akauliza Katibu.

"Nikajiuliza, mtu mwenye mkono kama huu, mimi nimemweka chooni?" Sauti ikamkatika kidogo. "Nikatafuta kura yangu. Yangu mwenyewe tu, sikugusa ya mtu. Nikaandika nyingine."

"Si ungesema tu!" Shangazi alifoka, na hakujua anafoka kwa hasira au kwa kitu kingine.

"Ningesemaje? Mimi ni Mwenyekiti!"

Zogo likazuka. Wale waliompigia Mwenyekiti walisema wameibiwa, na aliyewaibia ni mgombea wao, na hawajui wamshtaki nani kwa nani. Fundi wa Magari akawaka. "Kila siku naitwa kumfungulia mtu gari lake mwenyewe. Mbona simwiti mwizi?" Wakamjibu gari si kura. Naye akauliza tofauti iko wapi, na kwa robo saa wakashindwa kuipata. Katibu akapekua katiba mbele na nyuma, akasema katiba inakataza kuiba kura ya mwenzako lakini haikumfikiria mtu atakayeiba ya kwake.

"Turudie," alisema Shangazi.

"Shangazi, umeshashinda," mchonga funguo wa mlangoni akamnong'oneza. "Tulia."

"Turudie. Mikono juu, hapa hapa, tunatazamana. Sanduku hatuliwezi, tusidanganyane." Alisema hivyo akiwa ameshika ukingo wa meza. Alijua anachokifanya. Kwa Mwenyekiti, kubadili kura na mlango umefungwa ni jambo moja. Kuinua mkono dhidi ya cheo chako, mbele ya watu waliokusifia kwa miaka, hilo halijawahi kuwa jepesi kwa mtu yeyote.

"Wanaomtaka Mwenyekiti," akasema Katibu.

Mikono minne. Mmoja ulikuwa wa Mzee Baiskeli, aliyeuinua huku anatazama viatu vyake. "Chai yako nzuri, Shangazi," alisema, "ila mimi sipendi mabadiliko." Angalau alisema usoni, na Shangazi akajikuta hana kinyongo naye kama alivyodhani.

"Wanaomtaka Shangazi."

Wake. Wa Katibu. Wa mchonga funguo wa mlangoni. Wa Fundi wa Magari, aliyeinua yote miwili akaambiwa ashushe mmoja.

"Wanne kwa wanne," alisema Katibu, na chaki ikabaki hewani.

Mwenyekiti alikuwa na mikono mfukoni. Alitazama sanduku lililofunuliwa, akatazama kidimbwi cha mafuta, akatazama kiti chake chenye mto. Mkono wa kulia ukatoka mfukoni. Ukapanda hadi kidevuni, ukapumzika hapo. Ukapanda hadi sikioni, ukasita.

"Mwenyekiti," alisema Katibu, "hiyo ni kura au unajikuna?"

"Nilikuwa najikuna," alisema Mwenyekiti, na mkono ukaendelea kupanda mpaka ukanyooka. "Sasa ni kura. Andika haraka."

Katibu akaandika. Shangazi alilia mbele ya wote bila kujificha, akacheka katikati ya kilio, kisha akatoka mbio kwenda kuing'oa meza yake kabla hajatokea mtu wa kutaka kuhesabu tena.